Kitenge cha Majani ya Mgomba

Soko la Mwanjelwa halipitiki Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na Severina alilijua hilo vizuri, lakini mama yake alikuwa amempigia simu mara tatu tangu asubuhi. Aliingia hivyo hivyo, mkoba kifuani, akitafuta kitenge kimoja cha kuwatosha wanawake tisa. Kwenye uchochoro wa wauza vitambaa bega lake likagonga jora lililosimamishwa mlangoni mwa duka. Jora likaangusha la pili, la pili likaangusha la tatu, na mwenye duka akabaki amelikumbatia la nne ili lisifuate wenzake.

"Dada, hodi za kwenu ndivyo zinavyobishwa?"

"Jamani, samahani, kaka! Yamechafuka?"

"Yamechafuka sana. Itabidi uyanunue yote, na mimi unichukue nikakubebee."

Severina alicheka, ingawa hakuwa amepanga kucheka siku hiyo. Mwenye duka alikuwa kijana mrefu, shati jeupe lililonyooka kwa pasi, kofia iliyodariziwa kwa mkono kichwani, na macho ya mtu anayejua kwamba anapendeza. Aliitwa Alawi. Babu yake alitoka Kilwa kuja kuuza nguo Mbeya, akazikwa hapo hapo, na wajukuu wakawa watu wa baridi.

Severina alimweleza shida yake. Mdogo wake, Liberatus, alikuwa kuruta katika kambi moja ya jeshi ng'ambo ya Igowole, na baada ya miezi miwili angemaliza mafunzo na kula kiapo. Mama yao, Bi Marta, mjane wa Kihesa kule Iringa, alikuwa amesema hana ombi jingine duniani: amwone mwanawe wa kiume akila kiapo, basi. Wanawake wa ukoo wangevaa sare ili Liberatus, akiwa kule uwanjani, awatambue kwenye umati.

Walichagua zambarau yenye maua meupe. Haikutosha watu tisa, kwa hiyo Alawi aliomba namba ya simu ili apige mzigo mwingine ukiingia. Namba ilitolewa kwa ajili ya kitenge, na kitenge hakikutajwa tena kwa wiki tatu.

"Umekula, mwalimu wangu?"

"Bado. Nasahihisha madaftari ya darasa la tano."

"Nisahihishe na mimi basi."

"Wewe ulishafeli zamani, tajiri. Unarudia darasa."

"Narudia, ilimradi mwalimu asihamishwe."

Severina alikuwa anafundisha Iyunga, na kila jioni alipotoka shuleni alimkuta Alawi ng'ambo ya barabara kuu, amesimama kando ya gari lake dogo, mkononi ana parachichi au mahindi ya kuchoma. Mapenzi yakawakolea. Kilichowaumiza vichwa ni Kihesa. Bi Marta alikuwa Mkatoliki wa misa ya kwanza, Jumapili hadi Jumapili, na Alawi hakuwahi kukosa swala ya Ijumaa.

"Nitakutambulisha siku ya kiapo," Severina aliamua. "Akishamwona Liberatus wake, hata ukimwomba nyumba atakupa."

"Mimi siombi nyumba. Naomba aliyezaliwa ndani yake."

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, Alawi alipiga simu mchana. Zambarau ilikuwa imekwisha Mbeya nzima. Lakini kulikuwa na kitenge kingine, kizito, cha majani ya mgomba, mabichi na makavu, kijani na kahawia.

"Nikutumie picha?"

"Nina mitihani mpaka hapa. Chagua wewe. Nakuamini."

Majuto ni mjukuu, lakini siku hiyo babu yake ndiyo kwanza alikuwa anazaliwa. Jora lilipanda basi kwenda Iringa, fundi Yotamu akalikata, na magauni tisa yakashonwa. Severina alipofika nyumbani Ijumaa, alimkuta mama yake kitandani na gauni lake mapajani. Bi Marta alikuwa akilipapasa, akilisugua kati ya vidole, akilinusa.

"Kamwene, mwanangu. Huyo aliyekuchagulia anajua vitambaa. Hebu nisomee tena ile barua ya mwaliko."

"Mama, nimekusomea mara nne kwenye simu."

"Soma. Ni utamu tu."

Kesho yake walifika getini saa mbili asubuhi, tisa katika kosta moja, ukungu wa Mufindi bado umelalia miti ya misindano. Alawi alikuwa ametangulia. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe na koti jeusi, kofia mpya, viatu vinavyong'aa, ameshika shada la maua. Alivaa ili aonekane na mtu mmoja tu, na mtu huyo, Bi Marta, alishuka kwenye kosta akampita bila hata kumtazama. Severina alimkonyeza: subiri.

Askari wa getini aliwaangalia wakijipanga. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Shikamoo, mama. Poleni na safari. Lakini hizo nguo haziingii humu."

"Haziingii vipi?" Shangazi Eveline aliruka. "Hiki kitenge ni majani ya mgomba, afande! Angalia, hili jani bichi, hili limekauka!"

"Nikiwa karibu naona mgomba, mama. Lakini sogea pale, uwatazame wenzako."

Severina ndiye aliyesogea. Alirudi nyuma hatua kumi, akageuka kuwatazama. Gauni moja lilikuwa mgomba. Magauni manane yaliyosimama pamoja yalikuwa mabaka mabaka ya kijeshi, kijani na kahawia, kikosi kizima cha akina mama. Hakuna Mtanzania asiyejua kwamba raia haruhusiwi kuvaa nguo zinazofanana na za jeshi, na wao walikuwa wamezivaa mpaka mlangoni kwa jeshi lenyewe.

"Tuzigeuze ndani nje," mmoja alisema. Lakini kitenge hakina ndani. Rangi ni ile ile pande zote mbili.

"Mgeni rasmi anaingia saa tatu kamili," askari alisema kwa upole. "Akishaingia, geti linafungwa. Tafuteni kitu cha kujifunika."

Severina alimfuata Alawi pale aliposimama na maua yake.

"Duka zima la vitambaa, Alawi! Duka zima! Ukaona hiki?"

"Severina, ulisema nichague..."

"Usiniambie nilisema nini! Kila siku nakwambia, jambo lifikirie mara mbili, husikii! Unasimama tu hapo na kanzu yako! Mama yangu ana ombi moja duniani, moja, na wewe umelichana!"

"Naenda Igowole. Nitaleta khanga."

"Nenda! Na usirudi mikono mitupu, maana sitakujua!"

Gari liliondoka likirusha tope. Saa mbili na nusu Severina alipiga simu.

"Umepata?"

"Duka limefungwa. Wamekwenda kumwita mwenyewe, yuko shambani."

"Shambani? Alawi, leta hata shuka! Leta mapazia!"

"Mpenzi wangu, nifanyeje? Nivunje mlango?"

"Usiniite mpenzi wako."

Alikata. Dakika tano baadaye akapiga tena. Akapiga tena. Familia nyingine zilikuwa zikiingia, za njano, za bluu, za pinki, zikicheka na kupigana picha. Shangazi Eveline aliwaomba wageni wamwazime mtandio, akapata mmoja, mwembamba hata kuku usingemfunika. Severina hakuwa na la kufanya. Alitazama saa ya simu, akaitazama barabara, akarudi kwenye saa. Magari yenye vimulimuli yakapita, askari wakakakamaa, geti likafungwa.

Alawi alitokea dakika saba baadaye, amekumbatia khanga ishirini, kanzu imejaa tope hadi magotini. Aliliona geti akasimama. Aliomba, akabembeleza, akataka kupiga magoti.

"Ndugu yangu," askari alisema, "sasa hivi hata mama yangu mzazi nisingemfungulia."

Wakahamia kando ya uzio, chini ya misindano. Kutoka pale walisikia bendi, amri, buti zikipiga chini kwa pamoja. Uwanja wenyewe ulifichwa na majengo. Kisha vipaza sauti vikanyamaza kidogo, na sauti za vijana mamia kwa mamia zikaanza kuapa. Bi Marta alishika waya wa uzio kwa mikono miwili, kichwa amekiinamisha kama yuko misani. Severina alilia waziwazi. Alawi alisimama mbali kidogo na mzigo wake wa khanga usio na kazi.

Kiapo kilipokwisha, Bi Marta aligeuka.

"Hivi," aliuliza taratibu, "kitenge chenyewe kina rangi gani?"

Severina alimtazama mama yake, akakumbuka barua iliyosomwa mara tano, na vidole vikipapasa gauni.

"Mama. Huoni?"

"Tangu Pasaka naona ukungu tu. Watu nawajua kwa sauti."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mngeniacha nyumbani. Mngesema, mama utaona nini?" Alijifuta uso kwa kiganja. "Hata ningeingia ningesikia tu, kama nilivyosikia hapa. Mimi sikupoteza kitu. Lakini mdogo wako ana macho, Severina. Saa hizi anatutafuta."

Maneno hayo yalimwumiza kila mtu. Alawi alisogea, akapiga magoti kwenye sindano za miti.

"Mama, nisamehe. Kosa ni langu peke yangu."

"Nani wewe?"

"Alawi, mama. Muuza vitenge."

"Muuza vitenge hagombezwi namna ile." Bi Marta aligeuza uso upande wa sauti. "'Kila siku nakwambia, husikii.' Nilikuwa getini, nina masikio. Mimi nilimgombeza mtu mmoja tu hivyo maisha yangu yote, na nilizaa naye watoto wawili."

Shangazi Eveline aliangua kicheko na machozi bado yako mashavuni. Severina alitamani ardhi impokee. Hapo hapo geti lilifunguliwa, na vijana wakaanza kutoka kuwafuata wazazi wao.

Liberatus alitoka peke yake. Alikuwa amekonda, kichwa kimenyolewa, kombati zimemkaa kikakamavu. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Macho yake yakapita juu ya wanawake tisa waliosimama chini ya miti, yakaendelea. Walipiga kelele, lakini kelele zilikuwa kila mahali. Alikuwa ameanza kugeuka kurudi ndani.

Alawi alichomoa khanga nyekundu kwenye mzigo, akakimbia nayo barabarani akiipunga juu kwa mikono miwili. Liberatus alisimama. Akaifuata ile nyekundu kwa macho hadi kwenye miti, na hapo ndipo alipomwona mama yake.

"Mlikuwa wapi? Nimewatafuta jukwaa zima!"

"Tulikuwepo," Bi Marta alisema, akimpapasa mashavu, masikio, mabega. "Nimekusikia. Mbona umekonda hivi?"

Wakati wa kurudi kwenye kosta alinyoosha mkono hewani, na hakumwita mwanawe yeyote.

"Muuza vitenge. Nishike, nisije nikaanguka."

Alawi alimshika kama aliyepewa yai.

"Nitakuja huko Mbeya, waniangalie haya macho," Bi Marta alisema. "La dini nalijua, usinieleze leo. Siwezi kumtoa binti yangu kwa mtu nisiyemwona. Nikishaona, utakuja usimame mbele yangu, nikutazame, ndipo nitajibu."

"Na wasipoweza kuyatibu, mama?"

"Basi tutaona," alisema Bi Marta, akapanda ngazi.

Wawili hao walibaki chini ya mlango wa kosta. Hakuna ambacho wangeweza kuharakisha. Severina alichukua kipande cha khanga, akainama, akaanza kuifuta kanzu tope.

"Nilikutukana sana, tajiri."

"Nilistahili nusu. Nusu nyingine utanirudishia."

"Siku akikutazama, utavaa nini?"

"Utakachochagua wewe, mwalimu," Alawi alisema. "Mimi sichagui tena."