Cherehani Iliyoachwa Nje ya Orodha

Kila asubuhi kabla ya shule, Sindano aliipangusa cherehani ya mama yake, akaitia tone la mafuta, kisha akaifunika kwa kanga. Jina hilo alipewa na wateja wa mama kwa wembamba wake, na kwa ulimi wake pia, maana mtoto yule alijua kuchoma. Mama, mshonaji hodari, alikuwa amefariki miezi mitatu iliyopita. Sindano alipoigusa cherehani ile ya miguu alijiona bado ana mama.

Jioni moja alimsikia mjomba wake, fundi bomba, akizungumza na bibi sebuleni.

"Mahakama imeniteua msimamizi wa mirathi," alisema mjomba. "Jumatatu napeleka orodha ya mali zote alizoacha dada, hata cherehani. Ndipo mtagawana, wewe mama na mtoto, maana warithi ni ninyi wawili."

Kugawana! Cherehani inagawanywaje? Huyu achukue gurudumu, yule kanyagio? Hapana, itauzwa tu, Sindano akawaza. Laiti angeuliza. Lakini hakuuliza. Kesho yake alimwendea jirani yao muuza vitambaa, shoga wa mama wa kufa na kuzikana, wakaisukuma cherehani hadi dukani kwake.

"Nifichie mpaka Jumatatu ipite, mama mkubwa."

"Ondoa shaka, mwanangu. Mimi na wewe tu."

Mjomba alipouliza, Sindano alijibu bila kupepesa macho, "Mama aliiazima kwa jirani. Mwenyewe ameichukua." Mjomba akakuna kichwa, akaifuta kwenye orodha. Jumatatu akaapa mahakamani kwamba orodha yake ni kamili.

Jumanne Sindano alikwenda dukani mbio. Muuza vitambaa hakuinua hata uso.

"Cherehani gani? Si umewaambia watu ni yangu? Basi ni yangu."

Masikini Sindano, kamba aliyoisokota mwenyewe ndiyo iliyomfunga. Siku ya tatu alimfuata mjomba, akamwaga yote huku machozi yakimtoka.

Mjomba hakumpiga wala hakumfokea. "Umeniapisha uongo, mwanangu," alisema. "Kesho tunakwenda kusema kweli, mimi na wewe."

Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani imeteremka puani. Alimsikiliza Sindano mpaka mwisho, kisha akaamuru muuza vitambaa aitwe, naye aje na cherehani. Wiki iliyofuata wote walikuwa mbele yake, bibi naye akiwa kwenye benchi la nyuma.

"Mheshimiwa, niliinunua mpya," alisema muuza vitambaa. "Niliishonea miaka minne kabla sijamwazima marehemu."

"Vizuri. Tushonee kidogo," alisema hakimu, akampa kipande cha kitambaa.

Muuza vitambaa alitunga uzi, akakanyaga. Uzi ukakatika. Akatunga tena, ukakatika. Mara ya tatu jasho lilikuwa likimtiririka. "Uzi wenyewe mbovu," akanung'unika.

Sindano aliomba ruhusa, akaketi. Akautunga uzi uleule, ila aliiruka kulabu ya pili kati ya zile zinazoongoza uzi. Akakanyaga, na mshono ukatoka umenyooka hadi mwisho wa kitambaa.

"Kulabu hii ina kijino kinachokata uzi, tangu cherehani ikiwa mpya," alisema. "Mama alinionyesha nikiwa na miaka sita."

Karani aliacha kuandika, akatabasamu. Muuza vitambaa aliinamisha kichwa. "Shetani alinipitia, mheshimiwa. Ni ya marehemu."

Hakimu alimkaripia vikali, akaamuru cherehani irudi nyumbani siku ileile. Kisha akamgeukia Sindano.

"Msimamizi wa mirathi hagawi anavyotaka yeye. Anakusanya vitu alivyoacha marehemu, analipa alichodaiwa, kisha kila mrithi anapata haki yake. Ulidhani orodha itakunyang'anya cherehani, kumbe orodha ndiyo mlinzi wake. Kitu kikiandikwa, sheria inakilinda. Ukikificha kwa uongo, ni nani atakayekulindia?"

"Hakuna, mheshimiwa," Sindano alijibu.

"Na kitu kizima hakikatwi vipande. Warithi wakikubaliana, anapewa mmoja."

Bibi alisimama bila kuitwa. "Mimi hata tundu la sindano silioni. Cherehani ya nini? Mpeni mjukuu wangu."

Watu wakacheka, na hakimu naye akacheka. Mjomba alikunjua ile orodha, akampa Sindano kalamu. "Sahihisha mwenyewe, na mimi nitie sahihi."

Sindano akaandika kwa mwandiko wake bora: *Cherehani moja ya miguu.* Akafikiri kidogo, akaongeza chini yake: *Kulabu ya pili irukwe.*