Pampu Iliyojiwasha

Siku ile nyumbani walikuwepo mama mkwe, Bwana Najua, mke wa mdogo wake Najua akiwa na mtoto mgongoni, na fundi pampu. Mdogo mwenyewe alikuwa kazini. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka, nepi zimeanikwa.

Najua si jina alilopewa na wazazi. Alilipata kwa jasho lake. Ukimwambia paa linavuja, najua. Ukimwambia amevaa shati ndani nje, najua. Mwezi mzima pampu ya kisima ilikuwa ikijiwasha hali mabomba yote yamefungwa. Inanguruma dakika moja, inazima. Baada ya robo saa, tena. Bomba la jikoni likaanza kukohoa hewa, kisha likatema mchanga.

"Shemeji, tumwite fundi," mke wa mdogo alimsihi.

"Najua," akajibu. Akaifunga swichi ya pampu kwa waya ili isijizime kabisa, akajisifu mpaka jioni. Pampu ikanguruma siku mbili mfululizo, hadi ikanuka moshi.

Mtu mwingine angeona haya. Yeye akaona mchawi. Na mchawi mwenyewe eti ni mama mkwe, ambaye kwa Najua ni mama wa kambo: mwanamke mwenye magoti mabovu, ambaye kila alfajiri huamka kupasha maji ya mjukuu ili mama mtu apate kulala kidogo. Kosa lake ni kukaa karibu na kisima akichambua mboga. Asubuhi hiyo Najua alikuwa ameshalitoa godoro la mama huyo nje ya geti, akilishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

Mke wa mdogo ndiye aliyemwita fundi. "Kaka, nionyeshe kilichoharibika," alimwomba kwa sauti ya chini. "Mama asije akalala nje leo."

Fundi alilirudisha godoro ndani kwanza, mwenyewe, bila kuulizwa. Kisha akachomoa fyuzi, akaitia mfukoni, akaukata ule waya kwa koleo.

"Nani mtaalamu aliyefunga hii?"

"Mimi," Najua akasema, kifua mbele.

"Hongera, bosi. Umeunguza pampu."

Akamweleza mke wa mdogo taratibu. Huko chini kuna vali inayozuia maji yasirudi kisimani. Ikichoka, maji hurudi, presha hushuka, pampu hujiwasha. Ukiisikia ikijiwasha mabomba yamefungwa, au ikikohoa hewa, au ikitoa mchanga, zima na umwite mtu. Na aje aipime kila mwaka, hata kama haijalalamika.

"Hapa hakuna mchawi," akamaliza. "Kuna vali mbovu na kichwa kigumu."

Mke wa mdogo akacheka kwa mara ya kwanza mwezi ule. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa anakitazama kisima.

Kilikuwa kisima cha kuchimbwa kwa mashine, tundu lake halipitishi hata kichwa cha mtoto. Fundi akaanza kulivuta bomba lililoning'iniza pampu huko chini, Najua akishika nyuma yake kwa madoido. Mita kumi zikatoka. Ishirini. Bomba likagoma.

"Limenasa," Najua akasema. "Najua."

Bomba likarudi chini.

Taratibu. Kama mtu anayevuta blanketi lake.

Fundi akapapasa mfuko. Fyuzi ilikuwemo.

Likavutwa tena. Viganja vya fundi vikachubuka. Najua alikuwa ameshaachia zamani, yuko getini, kiatu kimoja mguuni.

Mama mkwe akasogea. Akapiga magoti, yale mabovu. Akainamisha mdomo juu ya tundu. Mke wa mdogo alikuwa karibu naye, akasikia yeye peke yake.

"Achia," mama mkwe alinong'ona, kama anayemkemea mtoto mtundu. "Huna hata haya. Watu wako kazini."

Bomba likawa jepesi.

Pampu ikatoka. Ukoko wa kijani ulikuwa umeivaa yote, isipokuwa sehemu kumi. Sehemu kumi safi, ndefu, nyembamba. Vidole. Vilikuwa vimeishika kutokea chini.

"Amesema nini?" Najua akapaza sauti kutoka getini. "Huyo mama amesema nini?"

Mama mkwe alimtazama mkwewe, akanyoosha mikono. "Nipe mtoto, mwanangu. Umechoka."

Mke wa mdogo alisimama kidogo. Akaifungua kanga mgongoni. Akampa. Mikono ile ilikuwa na joto, kama siku zote.

"Amempa fundi pole, shemeji," akajibu.

Fundi alifunga pampu mpya na vali mpya, nayo haijajiwasha tena. Ile ya zamani iko uani. Mke wa mdogo ameisugua kwa brashi ya waya mara tatu, na kila mara ukoko umerudi, ila pale penye vidole. Najua alihama wiki hiyo hiyo. Mama mkwe bado yupo, na ndiye anayemwogesha mtoto.