Sindano ya Dibor

Muuguzi alipoita "Dibor Ndour", sauti mbili ziliitika. Moja ilikuwa ya Tening Faye, aliyekaa benchi la mwisho ameshika kadi isiyo yake. Ya pili ilitoka nyuma yake, na nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu.

Tening akajiambia ni homa tu. Wiki nzima tumbo la chini lilikuwa likimkata kama kisu, na homa ina mambo yake. Pale Kaolack, mjini Senegal, wanawake wanaojiuza hutibiwa kwa kadi yenye picha na muhuri wa kila mwezi, lakini yeye hakuwahi kujiandikisha. Angethubutu vipi? Majina huitwa kwa sauti, na wifi yake aliuza kahawa dirishani hapohapo kliniki. Wifi ndiye aliyekuwa akimlelea binti yake, akiamini Tening anauza karanga kwenye stendi ya malori. Basi Tening akajitanda shela mpaka puani, akaja na kadi ya Dibor, mwenzake wa chumba, aliyekufa mwezi uliopita. Masikini Dibor! Alikosa muhuri wa mwezi mmoja tu, wakamwambia arudi mwezi mpya, akafia kwenye godoro lake. Sura zao zilishabihiana kidogo, na nani huuangalia sana uso wa kahaba?

Akadungwa sindano asiisikie. Alipofika chumbani na kuukagua mkono, hapakuwa na tundu. Kwenye godoro la marehemu, ambalo hakuna aliyeligusa tangu mazishi, palikuwa na kipande cha pamba chenye tone la damu mbichi.

Alirudi mara ya pili, na ya tatu, na kila alipodungwa yeye alizidi kudhoofika huku chumba kikizidi kunukia ubani aliopenda kujifukiza Dibor, na mchana kweupe, jua likiwa utosini, akawa anasikia shanga za kiunoni zikigongana taratibu juu ya lile godoro, na pumzi za mtu ambaye alikuwa mahututi na sasa, siku hadi siku, anapata nafuu.

Akajikokota hadi kwa Yaay Selbe, mganga anayesema na mizimu. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akateremsha sauti.

"Dawa hufuata jina, mwanangu. Umemwita marehemu, naye amekuja kutibiwa. Nenda kataje lako."

"Nikilitaja, mama, mwanangu nimemkosa."

"Usipolitaja, yeye ndiye atakayekukosa wewe."

Kesho yake Tening akajiandikisha. Muuguzi akaita, "Tening Faye." Kule dirishani, mkono uliokuwa ukimimina kahawa ukasita. Wifi akachungulia, akamwona, akakusanya vikombe vyake akaondoka. Tening akaingia. Safari hii sindano ilimuuma mpaka akalia, akalia kwa uchungu wa kumpoteza mtoto na kwa furaha ya kuumwa na sindano, vyote pamoja.

Akarudi benchini kupumzika. Ubani ukamjaa puani, shanga zikagongana karibu kabisa na kiuno chake, na pumzi za mgonjwa, nzito, za kukwama, zikamgusa sikio.

"Shoga yangu," ikanong'ona sauti, "nilikuwa nimeanza kupona. Mimi sasa nitatibiwa kwa jina la nani?"