Mluzi wa Kipanga

Mgeni alivaa tai.

Vernon Sandoval aliiona tai kabla ya uso, akajua ni balaa. Hii ilikuwa Sunnyvale, California, Jumamosi, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Katika mtaa ule wa mafundi wa kompyuta, mwenye tai alikuwa mwanasheria au muuza bima, na hao wote husubiri watu waamke kwanza.

"Mzee Sandoval? Naitwa Lothar Brenk. Nimemfuata Kipanga."

"Kipanga alisagwa mwaka themanini na nne. Miaka minane sasa. Wote kumi na wawili."

"Kumi na mmoja." Brenk alifungua koti kidogo. Bastola aina ya Walther ilikuwa imelala chini ya kwapa. "Wa kumi na mbili yuko gereji kwako. Usinifanye nirudie maneno, mzee."

Wanaume wawili wa Brenk walimtoa Kipanga, kompyuta ya majaribio, kwa blanketi, kama maiti.

Dakika sita tu.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini, Ford Taurus ya kijivu ilipanda ukingo wa barabara na kusimama juu ya nyasi. Kachero Noreen Takimoto aliruka nje, bastola ya Smith & Wesson mkononi.

Alikuwa amechelewa.

Redio yake ya Motorola ilikoroma. "Takimoto. Ndege yuko kiotani?"

"Kiota kitupu, mkuu."

"Basi mtafute!" Delbert Munroe, mkuu wa Kitengo chake cha kulinda siri za serikali, hakuwahi kusema jambo kwa upole. "Wakinakili kilichomo ndani yake, manowari zetu zote zitasomwa kama gazeti."

Hakuwa anatia chumvi. Kipanga hakufika dukani hata siku moja, lakini kidude kimoja ndani yake, kidogo kuliko ukucha, kilichukuliwa na jeshi la majini baada ya mradi kufungwa. Hadi leo ndicho kinachogeuza ujumbe wa kila meli kuwa maandishi ya siri.

Noreen alimkuta Sandoval amekaa gereji juu ya ndoo, akitazama meza tupu.

"Wewe ni wa serikali," alisema bila kugeuka. "Ninyi ndio mlioleta mtambo wa kusaga. Mlitusimamisha mstari tutazame. Nilimtorosha huyu mmoja chini ya kreti la matunda ya aprikoti."

"Mzee, nataka kumpata kabla ya wao kumfungua."

"Ili umalizie kumsaga."

Angeweza kudanganya. Alifundishwa kudanganya.

"Ndiyo," alisema.

Mzee aligeuka, akamtazama kwa mara ya kwanza. Kisha akainuka, akachukua kwenye rafu kiredio kidogo cha Sony.

"Unajua kwa nini Kipanga hakuuzwa? Makelele. Ukimwasha, redio za majirani zote zinapiga mluzi. Jirani yangu alinitukana mwaka mzima, hakusikia mechi hata moja. Sheria ikamkataa, tajiri akafunga mradi." Alizungusha kitufe hadi mwisho wa mstari wa stesheni. "Lakini sisi mafundi tulikuwa tunamsikiliza hapa. Mluzi mwembamba, ametulia. Ukisikia unakwaruza, anasoma kumbukumbu yake. Hapo ndipo wanapomnakili."

"Na watamwasha?"

"Binti, wewe ungenunua mashine ambayo hujaiona ikiwaka?"

Noreen alifikiri. Kompyuta ya zamani utaiwasha wapi mchana kweupe, mtu asigeuze shingo?

"Leo kuna soko la mafundi," alisema.

"Kwenye maegesho ya chuo. Lilianza alfajiri." Mzee alimpa redio lakini hakuiachia. "Ndani ya kifuniko cha Kipanga kuna majina. Watu thelathini na mmoja. Tuliandika kwa msumari siku mradi ulipofungwa. Mke wangu Adela yuko kona ya kushoto. Yeye ndiye aliyechora njia zote za umeme za Kipanga, kwa mkono, miezi tisa. Majivu yake tuliyamwaga baharini, kaburi hana. Ana kona ile tu." Aliivuta redio kidogo kwake. "Vingine vyote saga. Kifuniko niletee."

"Nitakuletea."

"Serikali imeshaniahidi mengi."

"Serikali haijasema kitu. Nimesema mimi, Noreen."

Vidole vya mzee viliiachia redio.

"Na mpini wa kumbebea Kipanga ni wa uongo!" mzee alimpigia kelele Noreen akiwa tayari mlangoni. "Tuliubandika kwa gundi, apigwe picha!"

Saa moja na nusu. Maegesho yalijaa magari yenye milango ya nyuma wazi, jenereta zikinguruma, meza zimelemewa na kompyuta zilizokufa na zilizokataa kufa. Noreen alitembea kati ya safu, Sony sikioni.

Kimya.

Safu ya tatu. Kimya.

"Dada, mechi ya besiboli ya Giants ni saa saba mchana," muuza nyaya mwenye ndevu alimcheka. "Unasikiliza nini hiyo?"

"Ndege."

"Nunua betri mpya kwanza!"

Safu ya sita, mluzi ulizaliwa. Mwembamba kama sindano. Noreen alipunguza mwendo. Kushoto ukafifia. Kulia ukapanda.

Gari kubwa jeupe, pazia nyuma, jenereta ya Honda pembeni.

"Mkuu, nimempata. Safu ya sita, gari jeupe."

"Wenzako wako dakika tisa kutoka hapo. Subiri."

Mluzi ulianza kukwaruza.

"Hatuna dakika tisa, mkuu."

Nyuma ya pazia, sauti ngeni iliuliza, "Bado kiasi gani?" Na Brenk akajibu, "Dakika mbili, bwana. Kunywa kahawa yako."

Noreen aliinama kando ya jenereta, akaizima.

Redio ikanyamaza. Umeme wa Kipanga ulikatika katikati ya kazi, na waliokuwa wanamnakili walibaki na nusu isiyofaa kitu.

Pazia likapasuka. Mwanamume wa kwanza alitoka kichwa mbele. Kitako cha bastola kilimlaza juu ya sanduku la kibodi. Wa pili aliona mdomo wa Smith & Wesson, akainua mikono mwenyewe. Mnunuzi aliganda na kikombe chake.

Brenk hakuganda. Alishuka upande wa pili, Walther mkono wa kulia, amemkumbatia Kipanga kifuani kwa mkono wa kushoto.

"Piga, bibie!" alicheka. "Piga tuone! Itapita humu kwanza!"

Watu walilala chini ya meza. Munroe alisikia yote kwa Motorola.

"Piga mashine, Takimoto! Vunja hiyo takataka!"

Kifuniko kilikuwa kimemtazama Noreen. Kona ya kushoto ilikuwa sawasawa na moyo wa Brenk.

Hakupiga.

"Takimoto! Hiyo ni amri!"

"Nakusikia, mkuu."

Alishusha bastola kidogo, akasubiri. Kilo kumi na nane, kwa mkono mmoja, na hatua arobaini hadi barabarani. Brenk alirudi nyuma hatua tano, kumi. Kompyuta ilianza kumponyoka. Akafanya kile ambacho kila fundi wa Sunnyvale angemcheka kwa kukifanya.

Aliuamini mpini wa mfano wa majaribio.

Akaishusha kompyuta, akashika mpini, akageuka akimbie.

Gundi ilidumu hatua tatu.

Kilo kumi na nane zilitua juu ya kiatu chake cha ngozi. Brenk alipiga yowe lililozidi mluzi wowote. Walther ikateleza chini ya meza ya muuza nyaya, na Noreen alikuwa tayari juu ya mgongo wake, pingu zikilia.

"Nilikwambia ununue betri," alisema muuza nyaya kutoka chini ya meza.

Saa nane mchana, kwenye yadi ya vyuma chakavu, mtambo wa kusaga ulikuwa unaunguruma. Munroe alitazama ndani ya sanduku lenye Kipanga.

"Kifuniko kiko wapi?"

"Ninacho mimi, mkuu. Ni plastiki. Hakina siri ya mtu yeyote."

"Amri inasema kompyuta nzima."

"Nimeahidi."

"Umemwahidi mwizi mzee aliyeiba mali ya siri! Shukuru simfungi." Munroe alinyoosha kiganja. "Asubuhi ulikaidi amri yangu. Hii ni ya pili. Kifuniko, au beji."

Miaka kumi na moja kazini. Noreen alifikiria kidogo tu, kwa sababu jibu lilikuwa limeshatoka asubuhi, pale gereji.

Aliweka beji. Akaweka Smith & Wesson. Akaweka funguo za Ford, maana nayo ilikuwa ya Kitengo.

Kisha akapanda basi, kifuniko kwapani.

Sandoval alifungua mlango polepole, kama mtu aliyechoka kufungulia habari mbaya. Noreen alikigeuza kifuniko, upande wa ndani juu, akamwekea mikononi.

Kidole cha mzee kilitafuta kona ya kushoto. Kikapita juu ya herufi tano, kikarudi, kikapita tena.

"Imekugharimu nini, binti?"

"Kipande cha bati, mzee." Alitoa redio mfukoni. "Na hii ni yako."

"Kaa nayo."

Noreen aliteremka ngazi, akashika njia kwa miguu, Sony sikioni. Giants walikuwa wanaongoza kwa pointi moja, na mtangazaji alisikika vizuri kabisa, bila mluzi wowote.