Binti wa Kiwanda Kavaa Gauni Langu

"Vua hilo gauni," mchumba wangu, dairekta wa kikundi chetu cha maigizo, aliniambia mbele ya wenzetu wote. "Nafasi yako anaichukua huyu."

Huyu alikuwa binti wa mwenye kiwanda cha matofali, kasimama mlangoni na miwani ya jua, ndani ya ukumbi wa mazoezi!

"Dairekta, unatania?"

"Wewe unalia mno. Kwenye tamasha la tabianchi huko nje wanataka sura mpya."

"Nalia kwa sababu mwanamke wa mchezo huu ni shangazi yangu. Nyumba yake ilisombwa na mafuriko mimi na wewe tukitazama."

"Basi furahi, hadithi yake inapanda ndege."

"Na ile sehemu ya msitu kukatwa ili kuchomea matofali?"

"Nimeifuta. Baba wa huyu binti ndiye anayetulipia safari."

Nikavua. Jioni meseji ikaingia: *Tusisumbuane tena. Mimi na yeye tuna malengo. Wewe tafuta wa bondeni mwenzako.*

Miaka mitatu ya uchumba, ananimwaga kwa meseji. Mwanaume mwenye domo la kusikika ukumbi mzima!

Nikampigia shangazi huku nalia.

"Unamlilia nani? Yule aliyekuja kunipiga picha nikitoa matope, akaniambia nishike beleshi vizuri?"

"Nampenda, shangazi."

"Futa makamasi. Jumamosi wanaonyesha huku kwetu kabla ya kusafiri. Si mlisema kwenye michezo yenu mtazamaji anaruhusiwa kupanda jukwaani?"

"Anaruhusiwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha."

"Basi nitapanda."

Jumamosi mchana bonde zima lilijaa uwanjani. Mwenye kiwanda alikaa mbele, kanyoosha miguu. Binti yake akatokea na gauni langu, limepigwa pasi, anadondosha machozi ya dawa ya macho.

"Ewe mvua! Kwa nini umetuonea?"

Watu wakaguna. Shangazi akapanda.

"Mwanangu, mvua naijua tangu utotoni. Nani aliyekata msitu wa kule juu, maji yakakosa cha kuyazuia?"

Binti akamtazama Dairekta. "Hapo sijaandikiwa."

Uwanja ukaangua kicheko. Nikapanda, wenzangu wa kikundi nyuma yangu, tukaicheza sehemu iliyofutwa neno kwa neno. Mashoka, tanuri, moshi, kisha maji. Kicheko kikakatika. Kuna mama alianza kulia, machozi yasiyo ya chupa.

Shangazi akamgeukia mwenye kiwanda.

"Nyie mliochoma hamkulowa. Sisi tuliolowa hatukuchoma. Utatujengea lini, na miti utapanda lini?"

Akainuka, akaelekea kwenye gari lake. Binti yake akamfuata mbio, akipiga kelele: "Baba, na huyo Dairekta wako simtaki! Kaniaibisha!"

Kesho yake simu ikaita.

"Mpenzi, nilipotoshwa."

"Na nani? Na miwani?"

"Nisamehe. Ile sehemu niliiandika mimi, moyo wangu unaujua."

"Aliyeiandika nilimpenda sana. Wewe ndiye uliyemfuta."

"Basi nirudi kikundini tu."

"Kikundi sasa kiko chini ya shangazi. Jumamosi ijayo tunacheza nje ya geti la kiwanda, na tutacheza hapo mpaka tujibiwe. Ukija, njoo na kiti chako."

Alikuja kweli, kiti mkononi, akakaa pembeni peke yake. Sikumtazama hata mara moja. Nilikuwa kazini.