Spika ya Nyuma Kushoto

Fundi wa sauti alikuwa amelala kifudifudi katikati ya spika zake. Zote zilikuwa zimemwelekea isipokuwa moja, ya nyuma kushoto, iliyokuwa imeng'olewa ikatupwa sakafuni. Stendi yake ya chuma ilikuwa imelala karibu na kichwa cha marehemu, na haikuhitaji mtaalamu kueleza ilikuwa imetumiwa kwa kazi gani.

"Pigo moja," daktari wa polisi alisema huku akivua glovu. "Kisogoni. Alikuwa ameinama. Hakuona kitu."

"Alama za vidole?" Inspekta alimuuliza koplo.

"Stendi imefutwa, afande. Lakini chini ya mkono wa kile kiti cha katikati zipo nzuri tu, na si za marehemu. Hapo hapafutwi na mtu."

Ili kusikia hayo, Inspekta ilibidi ageuze kichwa. Sikio lake la kushoto liliuawa na homa ya utotoni, na tangu hapo sauti zote za dunia humjia kwa upande mmoja. Akiitwa barabarani huzunguka kama pia kabla ya kumwona anayemwita. Makonstebo humcheka kwa siri, au wanadhani ni siri.

Aliyegundua maiti alikuwa mshirika wa marehemu, mwanamke mhariri wa picha. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, kitambaa usoni.

"Tulimwita Popo," alisema. "Kwa ajili ya hayo masikio. Alikuwa anasikia simu ya jirani kabla jirani hajaisikia."

"Pole sana, dada. Kimeibwa nini?"

"Hapo ndipo ninaposhangaa. Mashine za bei zote zipo. Kilichochukuliwa ni mkanda wa harusi wa mzee mmoja mjane, na diski yenye kazi yake."

"Kazi gani?"

"Mkanda wa zamani una sauti mbili tu, kulia na kushoto. Popo alikuwa anazitandaza zizunguke chumba kizima. Iliyo sawa pande zote mbili, kama hotuba ya kwenye kipaza sauti, anaivuta mbele katikati. Ukishaitoa hiyo, vinavyobaki ni vya pembeni: viti, watoto, wanaonong'ona. Hivyo anavipeleka nyuma. Unakaa kwenye kochi, unajiona uko ukumbini."

"Kwa hiyo vilivyokuwa vimefunikwa vinasikika."

"Vingine, ndiyo."

"Nani alijua habari za kazi hii?"

"Mimi. Mzee mwenyewe. Na shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe, ndiye anayemwendesha. Ila yule hapandi juu, hubaki garini." Akapangusa macho. "Afande, nakala ninayo. Kila jioni Popo alikuwa ananiachia moja kwenye droo. Aliwahi kupoteza kazi ya watu, akakoma. Mimi sijaisikiliza."

Inspekta alimsaidia kuinuka. Kisha akasema, "Twende tukaisikilize kwa mwenyewe."

Mzee mjane na shemeji yake walikuwa wanaishi nyumba moja, wazee wawili waliozoeana mpaka wakawa wanakohoa kwa zamu. Sebuleni spika za Popo zilikuwa tayari zimepangwa, mbili nyuma ya kochi. Ukutani palikuwa na picha ya bibi harusi. Mzee hakuwa anaiona tena. Macho yalikuwa yamemwishia.

"Mkanda umepatikana?" lilikuwa swali lake la kwanza. "Picha ninazo, mwanangu, lakini picha za kazi gani kwangu sasa? Sauti yake iko humo tu. Kwingine kote sina."

Inspekta alimgeukia shemeji, mtu mnene mwenye fimbo. "Umewahi kuingia studio ile?"

"Thubutu! Mimi na ngazi tulishakosana. Haya magoti ni ya kupambia suruali tu."

Mzee akacheka. Inspekta pia alitabasamu, akamwambia mhariri aweke nakala.

Watatu walikaa kwenye kochi. Inspekta alisimama kando ya televisheni, akaipa mgongo, akawatazama wao. Kwa sikio moja asingeweza kujua kipi kinatoka wapi. Kwa macho mawili angeweza kujua nani anasikia nini.

Bendi ikalia. Kiti kikaburutwa mahali, na vichwa viwili vikageuka kidogo kulia. Mtoto akacheka, vikageuka kushoto. Mzee peke yake hakugeuka. Alikuwa ametulia, mikono magotini, akinywa kila kitu. Halafu mgeni fulani akashika kipaza sauti, akaanza hotuba ndefu ya nasaha.

Shemeji akageukia spika ya nyuma kushoto.

Mhariri hakuwa amegeuka. Hotuba iliendelea. Shemeji akatazama fimbo yake, akaikamata kwa mikono miwili. Ndipo mhariri aliposhtuka, akageuka huko huko, mkono mdomoni.

Inspekta naye aliisikia, kwa mbali, katikati ya makelele yake ya upande mmoja. Sauti ya msichana, imejaa machozi.

"Sitaki, kaka. Niache niende zangu. Kaka, sitaki."

Akazima.

"Bwana," alimwambia shemeji, "umegeuka kabla haijatoka."

"Nilikuwepo harusini. Nakumbuka."

"Ungeweza kukumbuka inasikika lini. Lakini itatokea wapi? Aliyeiweka nyuma kushoto ni Popo, na aliiweka studio, ambako wewe hujafika."

Rangi ilimtoka shemeji. Alimtazama mzee, aliyekuwa bado amekaa vile vile, uso umeelekea mbele.

"Si hapa, afande," alinong'ona. "Nakuomba. Si mbele yake."

Kituoni alama za vidole vyake zilipochukuliwa, zilikuwa ndizo za chini ya mkono wa kiti cha studio. Koplo alimsomea onyo, akaandika. Mtuhumiwa hakubisha.

"Nilipanda kuuliza kazi imefikia wapi. Nilitaka kumfanyia shemeji mshangao. Yule fundi akafurahi, akanikalisha kwenye kiti chake. 'Kaa, mzee wangu, umsikie dada yako.' Nikamsikia."

"Kaka wa kwenye mkanda ni wewe."

"Ni mimi. Baba alikuwa ameshaikubali posa, ukumbi umejaa. Nilimshika mkono nikamtoa chumbani. Nilimvuta, afande. Dada yangu wa pekee."

"Ukamwambia Popo afute."

"Nilimsihi! Maneno machache tu. Akasema hawezi, mwenye mkanda amemkataza kufuta chochote. Nikadhani ananidhihaki. Nani angekataza jambo kama lile? Nikaing'oa spika, nilitaka inyamaze tu. Akainama kuiokota." Alifunika uso. "Stendi ilikuwa mkononi."

"Mkanda?"

"Chini ya kiti cha gari. Nilikusudia kuuchoma, nikashindwa. Ni sauti yake." Akainua macho. "Yule mzee anaamini alipendwa tangu siku ile. Akijua, atanichukia, na sina mtu mwingine duniani. Usimwambie, afande."

Mzee alikuwa kwenye benchi la nje, ameletwa na mhariri. Inspekta alikaa kushoto kwa mzee ili amsikie vizuri.

"Ni ile sauti, sivyo?" mzee alisema. "Aliniambia mwenyewe, wiki ile ile ya harusi. Kwamba hakutaka, kwamba kaka yake alimvuta. Nikamwambia mlango huu hapa, ukitaka kwenda nitakusindikiza mimi. Alikaa mwaka mzima akiutazama ule mlango. Halafu siku moja akauliza mbona hatujaupaka rangi." Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Nilimwambia Popo asifute kitu, hata kilio. Nilitaka kumsikia alikoanzia. Shemeji sikumwambia kamwe. Niliona nitamwaibisha bure."

Inspekta alirudi ndani. Mtuhumiwa alikuwa amefungwa pingu, anamsubiri.

"Umemwambia?"

"Alikuwa anajua. Tangu wiki ya harusi."

Shemeji alizitazama pingu zake. Alipofungua mdomo, sauti yake ilikuwa ndogo hata Inspekta akalazimika kugeuza kichwa.

"Kumbe yule fundi hakunidhihaki."

"Hapana," Inspekta alisema. "Alikwambia kweli."