Kufuli la Ghala la Mbegu

Kila asubuhi kabla ya shule, mimi na rafiki yangu Kalunde tulichota maji mtoni, kwenye kisima kilichochimbwa mchangani, kisha tukarudi kwa njia ya ghala la mwethya. Mwethya kilikuwa kikundi cha akina mama wa kijiji chetu karibu na Kwa Vonza, waliolimiana mashamba kwa zamu. Mle ghalani kila mama aliweka kibuyu chake cha mbegu. Huo ulikuwa mwaka wa njaa, 1984, na hata waliolala bila kula hawakuzigusa. Ufunguo aliuvaa shingoni Susu Nzilani, bibi yetu sote.

Siku moja nilijaribu ufunguo wa sanduku letu la bati kwenye kufuli lile. Likafunguka. Nikalifunga upesi.

"Ndila, tumwambie Susu," Kalunde alisema.

"Ngoja kwanza," nikamjibu. Nilipenda sifa mno, sitaficha.

Mchana huo baada ya shule, kisimani, nilitangaza habari hiyo mbele ya watoto wenzangu na wachungaji wa mbali waliokuja kunywesha ng'ombe. Wakacheka, wakaniita fundi. Nami nikavimba kichwa.

Baada ya siku tatu ghala lilikutwa tupu. Kufuli lilikuwa limefungwa, halina hata mkwaruzo, basi akina mama wote wakamgeukia mwenye ufunguo. Susu aliuvua ufunguo shingoni. Akauweka chini, akaenda zake. Sisi watoto tuliojua siri tukatawanyika kwa woga.

Jioni hiyo niliuweka uji chini. Nikamweleza Mama. Kesho yake alinishika mkono akanipeleka ghalani kwa mwethya, nikafungua kufuli kwa ufunguo wetu mbele yao huku nikilia. Akina mama waliondoka pamoja kwenda kumwomba Susu msamaha. Walinunua kufuli jingine, wakaomba mbegu kwa ndugu zao, wengine hadi mbali kule Emali. Mvua iliponyesha tulipanda nusu ya mashamba. Lakini mtama wa Susu, aliorithi kwa mama yake, haukupatikana tena popote. Nilimwona akitazama shamba lake, na mpaka leo sijasahau.

"Kuona ubovu wa kufuli si kosa," aliniambia. "Tena kuunyamazia kungekuwa vibaya. Lakini ungeniambia mimi kwanza, nikabadilisha kufuli, ndipo usimulie utakavyo. Wewe uliwapa habari wezi kabla ya mlinzi."

Kisha akaninyooshea lile kufuli jipya. "Jaribu ufunguo wenu."

Nikajaribu, nikazungusha huku na huku. Halikufunguka.

"Vizuri," alisema Susu. "Uwe unalijaribu kila mwezi. Likifunguka, uje kwangu mbio."